Kumfuatilia mbunge mmoja wa Texas tangu 1969: mapitio ya tovuti ya Bunge na maktaba yake

Anayetaka kumpima mbunge kwa kazi yake, na si kwa maneno ya majukwaani wakati wa kampeni, anahitaji kumbukumbu zinazopatikana na zinazosomeka. Huduma ninayoipitia hapa ni ya aina hiyo. Inatolewa bure na Bunge la jimbo la Texas nchini Marekani, nayo ina milango miwili: tovuti ya Texas Legislature Online, ambayo wanaoitumia kila siku huiita TLO, na Legislative Reference Library, yaani maktaba ya Bunge yenye ukumbi wake ndani ya jengo la Capitol mjini Austin pamoja na tovuti yake. Ili mapitio haya yawe na kipimo kimoja, nimemchagua mbunge mmoja na kumfuatilia kupitia milango hiyo yote miwili. Naye ni Tom Craddick wa Midland, mhafidhina wa chama cha Republican, aliyeapishwa Januari 1969 na ambaye hakuna mbunge mwingine katika historia ya Texas aliyefikia miaka yake ya utumishi.

Nitangulize hukumu yangu ili msomaji ajue ninakoelekea. Kazi ya mbunge wa kawaida huduma hii inaionyesha vizuri kuliko huduma nyingi za serikali nilizowahi kuzitumia; lakini mbunge huyo huyo akipanda na kushika madaraka makubwa, nyayo zake zinaanza kufifia, na msomaji asiyejua sababu anaweza kudhani kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa Craddick jambo hili linaonekana waziwazi, kwa sababu alikuwa mbunge wa kawaida, akawa Spika kwa miaka 6, kisha akarudi kuwa mbunge wa kawaida.

Mahali pazuri pa kuanzia ni maktaba. Kila mbunge aliyewahi kukaa katika Bunge la Texas ana ukurasa wake, wenye mabunge aliyotumikia, chama chake, wilaya ya uchaguzi na kamati alizowahi kuwamo. Ukurasa wa Craddick ni mrefu sana, na kuuteremsha taratibu ni somo la historia ya siasa za jimbo zima. Alichaguliwa mwaka 1968 akiwa na umri wa miaka 25, bado mwanafunzi wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Texas Tech. Baraza la Wawakilishi, ambalo pamoja na Seneti ndiyo mabaraza mawili ya Bunge la Texas, lilikuwa na wabunge 150, na Republican walikuwa 8 tu. Kwa hiyo huyu ambaye leo anahesabiwa kuwa mmoja wa wajenzi wa utawala wa wahafidhina wa Texas aliingia akiwa katika wachache wasio na sauti, ndani ya Bunge ambalo Democrat walikuwa wamelishika kwa karibu karne nzima. Kamati zake zinasimulia jinsi alivyopanda: mwaka 1975 alikabidhiwa uenyekiti wa Kamati ya Maliasili, na hakuna Republican aliyekuwa ameongoza kamati katika Bunge hilo kwa zaidi ya miaka 100. Midland iko katikati ya bonde la mafuta la Permian, na mbunge wa huko anayeongoza kamati ya maliasili hahitaji kueleza anawatumikia akina nani.

Kabla ya hapo kuna tukio ambalo orodha ya kamati haiwezi kukuonyesha. Mwaka 1971 kulizuka kashfa ya Sharpstown, ambamo viongozi wa juu wa jimbo walituhumiwa kunufaika na hisa zilizonunuliwa kwa mikopo ya benki, huku miswada ambayo mwenye benki aliitaka ikipitishwa Bungeni. Kikundi cha wabunge kilichoundwa na Democrat wa mrengo wa kushoto na Republican wachache kilimkabili Spika Gus Mutscher na kudai uchunguzi. Waliitwa Dirty Thirty, yaani Wachafu Thelathini, jina walilobandikwa kwa kejeli na ambalo wao wenyewe walilikumbatia, na Craddick alikuwa mmoja wao. Mwaka 1972 Mutscher alipatikana na hatia ya kula njama ya kupokea rushwa, na mwaka 1973 Bunge jipya lilipitisha sheria za maadili na sheria ya kufungua nyaraka za serikali kwa umma. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu desturi ya uwazi ambayo huduma ninayoipitia imesimama juu yake ilitiwa nguvu na mageuzi yale, na kijana mhafidhina wa Midland alikuwa upande wa waliosukuma mlango.

Sasa tuingie TLO, ambako miswada ya mabunge ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hutafutwa kwa namba, kwa mwandishi au kwa neno. Jaribio langu lilikuwa mswada namba 62 wa Baraza la Wawakilishi wa mwaka 2017, unaokataza kusoma, kuandika au kutuma ujumbe wa simu huku ukiendesha gari. Ukiandika namba hiyo na kuchagua Bunge la 85 (kila miaka miwili huhesabiwa Bunge jipya), unafunguliwa ukurasa wenye historia ya mswada, matini yake, marekebisho yaliyopendekezwa, waandishi wake na wadhamini wake katika Seneti. Sehemu ya matini ndiyo hazina. Kila toleo la mswada limewekwa kwa mpangilio wake: lilivyowasilishwa, lilivyotoka kwenye kamati, lilivyopitishwa na Baraza, lilivyopitishwa na Bunge zima. Kando ya matoleo hayo utakuta uchambuzi wa mswada, makadirio ya gharama kwa serikali na orodha ya mashahidi waliofika mbele ya kamati, kila mmoja na upande aliousimamia. Maneno yanayoongezwa kwenye sheria iliyopo hupigwa mstari chini, na yanayoondolewa hukatwa kwa mstari na kuwekwa ndani ya mabano, kiasi kwamba hata asiye mwanasheria anaweza kuona kwa jicho lake ni neno gani limeingia na lipi limetoka.

Nilipofuata uzi huo kurudi nyuma ndipo thamani ya huduma ilipodhihirika. Mwaka 2011 mswada wa Craddick wenye katazo hilo ulipita mabaraza yote mawili, lakini Gavana Rick Perry, Republican mwenzake, aliupigia kura ya turufu akisema kwamba ni jaribio la serikali kusimamia kwa undani mno mienendo ya watu wazima. Kwa kuwa kikao cha kawaida kilikuwa kimekwisha, Bunge halikupata nafasi ya kuibatilisha turufu hiyo. Mwaka 2013 Craddick alirudi na mswada namba 63. Baraza likaupitisha, ukafia Seneti. Mwaka 2015 alirudi na namba 80, na mambo yakawa vilevile. Mwaka 2017 namba 62 ulipita kote, Gavana Greg Abbott akautia saini, na sheria ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Septemba 2017. Faini ni dola 25 hadi 99 kwa kosa la kwanza na dola 100 hadi 200 kwa anayerudia. Dereva akisababisha kifo au jeraha baya, adhabu inaweza kufika dola 4,000 na kifungo cha mwaka mmoja. Kutumia ramani ya simu au kuita msaada wa dharura hakukatazwi.

Ukisoma miswada hiyo kwa mfuatano unakutana na mhafidhina ambaye picha ya kawaida ya mhafidhina haimtoshei. Hoja ya Perry ilikuwa hoja ya kihafidhina: serikali isiingilie. Craddick naye, aliyetumia miaka mingi kupunguza kodi na kesi za kudai fidia, alishikilia kwamba barabara ni ya watu wote na kwamba uhuru wa dereva mmoja haupaswi kulipwa kwa uhai wa mwingine. Aling'ang'ania kwa mabunge manne mfululizo, mara nyingine dhidi ya wenzake wa chama, tena akiwa ameshapoteza kiti cha uspika na hana nguvu ya kumlazimisha mtu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi iliyomheshimisha zaidi katika miaka yake yote. Wasemaji wa Kiswahili walioko Dallas, Houston, Fort Worth na Abilene, wengi wao wakiwa Wakongomani na Wakenya, na hasa wanaoishi kwa kuendesha magari, wako chini ya sheria hiyo kila siku. Asili yake wanaweza kuisoma wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, bila kumlipa mtu hata senti.

Sasa nije kwenye udhaifu, na hapa nitakaa kwa muda, maana ndiko hasa kunakomhusu anayetaka kuelewa maisha ya mbunge mwenye nguvu.

Januari 2003 Republican waliingia Barazani wakiwa 88 dhidi ya Democrat 62, na Craddick akawa Spika wa kwanza wa chama chake tangu miaka ya baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Bunge hilo lilikuwa na pengo la bajeti la karibu dola bilioni 10, likaliziba bila kuongeza kodi kuu, kwa kupunguza matumizi yakiwemo ya bima ya afya ya watoto. Liliweka kikomo cha dola 250,000 kwa fidia ya maumivu na mateso ambayo mgonjwa anaweza kumdai daktari mahakamani, na Septemba ya mwaka huo wapigakura wakaipa hatua hiyo nguvu ya katiba. Liliachia vyuo vikuu vya umma vipange ada vyenyewe. Kisha likaja suala la kuchora upya mipaka ya wilaya za Bunge la taifa. Theluthi mbili ya wabunge lazima wawepo ili Baraza lifanye kazi, yaani 100 kati ya 150. Basi mwezi Mei zaidi ya Democrat 50 walivuka mpaka wakaenda Ardmore, Oklahoma, wakakaa hotelini hadi muda wa mwisho wa kujadili mswada ukapita. Spika aliagiza polisi wa jimbo wawatafute na kuwarudisha. Ramani ilipita baadaye mwaka huo katika kikao maalumu, na uchaguzi wa 2004 ukaigeuza safu ya Texas katika Bunge la taifa kutoka Democrat 17 na Republican 15 hadi Republican 21 na Democrat 11.

Hakuna kipindi katika maisha yake ya ubunge ambacho Craddick aliibadilisha Texas zaidi ya hicho. Sasa itafute miswada hiyo TLO kwa jina la mwandishi. Mswada namba 4, ule wa kikomo cha fidia, uko chini ya Joe Nixon wa Houston. Mswada namba 3 wa kikao maalumu cha tatu, uliobeba ramani, uko chini ya Phil King. Jina la Craddick halimo, kwa sababu Spika wa Texas kwa desturi haandiki miswada mingi. Yeye huteua wenyeviti wa kamati, huamua mswada uende kamati gani, na huamua nani apewe nafasi ya kusema. Ukifungua jarida la Baraza, yaani kumbukumbu rasmi ya kila siku ya kikao, kutazama kura yake unakuta, siku baada ya siku, mstari mmoja unaosema kwamba Mheshimiwa Spika alikuwepo na hakupiga kura, pamoja na herufi C ndani ya mabano kuonyesha kwamba ndiye aliyekuwa kitini. Mbunge wa benchi la nyuma aliyewasilisha mswada wa kubadili jina la barabara ana kumbukumbu nono kuliko mtu aliyeshika usukani wa Baraza zima. Tovuti haisemi uongo, lakini inahesabu kinachohesabika, na madaraka ya Spika yamo katika mambo yasiyohesabika: kamati aliyokunyima, mswada alioupeleka ukafie, mkono ulioinuliwa asiuone.

Tarehe 25 Mei 2007 jambo hilo lilifika kileleni. Wabunge wa vyama vyote viwili walitaka kutoa hoja ya kumwondoa kitini. Craddick alikataa kuwatambua, akasema kwamba uamuzi wa kumtambua au kutomtambua mbunge ni wake kabisa na hauwezi kukatiwa rufaa. Mshauri wa kanuni za Bunge, Denise Davis, alijiuzulu usiku huo pamoja na naibu wake, na nafasi yao ikachukuliwa na wabunge wawili wa zamani. Mimi naona kwamba alikosea: kiti ambacho wenye kukupa hawana njia ya kukunyang'anya hakiwi tena kiti cha uwakilishi, na mtu aliyewahi kusimama na Dirty Thirty dhidi ya Spika mwingine alipaswa kulijua hilo kuliko wote. Msomaji anaweza kuwa na maoni mengine. Kilicho muhimu katika mapitio haya ni kwamba huwezi kuona chochote kati ya hayo kwenye ukurasa wa kawaida wa TLO. Lazima ulifungue jarida la siku hiyo na kulisoma kama lilivyo, kisha utafute magazeti. Ukumbi wa maktaba, ulioko ghorofa ya pili ya Capitol na ulio wazi kwa umma, ndio unaofaa kwa hilo.

Kuna jambo ambalo litawashangaza wasomaji waliozoea taarifa rasmi za Bunge la Tanzania au la Kenya. Kule kwetu Hansadi huchapa mjadala neno kwa neno, hata vicheko na kelele za kukatizana. Jarida la Baraza la Texas si Hansadi: linaandika hoja, maamuzi na kura, wala halichapi hotuba isipokuwa Baraza lenyewe liamue kwamba maneno fulani yaandikwe. Anayetaka kusikia Craddick alisema nini hasa akitetea katazo la simu lazima atazame video ya kikao, na video haitafutiki kwa neno. Unasogeza mbele na nyuma hadi umpate. Kwa mtu mwenye intaneti ya kupima kwa kifurushi hilo ni gharama ya kweli. Jimbo lenye utajiri wa Texas lingeweza kuiweka mijadala yake katika maandishi.

Kuhusu kura za majina, mambo yamekuwa bora. Zamani miswada mingi ilipita kwa sauti ya pamoja, na hakuna aliyeweza kujua mbunge wake alisema ndiyo au hapana. Novemba 2007 wapigakura walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo yanayotaka kura ya mwisho ya mswada, isipokuwa miswada ya kimtaa, irekodiwe kwa majina na kuwekwa kwenye intaneti. Ni sawa kusema kwamba azimio hilo lilitoka katika Bunge ambalo Craddick alikuwa Spika wake, mwaka ule ule wa machafuko ya Mei. Kwa miaka ya nyuma zaidi msomaji avumilie: nyaraka ni picha za kurasa zilizochapwa kwa taipureta, baadhi zimefifia, na utafutaji wa neno ndani yake hautegemewi sana.

Lugha ya huduma ni Kiingereza, tena Kiingereza cha kisheria. Hakuna sehemu ya Kiswahili. Uchambuzi wa mswada ndio ulioandikwa kwa lugha nyepesi zaidi, kwa hiyo anayeanza aanze hapo kabla ya kugusa matini yenyewe.

Nani atafaidika? Mwanafunzi wa siasa, mwandishi wa habari, kiongozi wa jumuiya ya wahamiaji anayetaka kujua mbunge wa mtaa wake anapeleka nini Austin. Wabunge wa Texas hulipwa dola 7,200 tu kwa mwaka pamoja na posho ya siku za kikao, na hukutana kwa siku 140 kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo wengi wao wana shughuli nyingine za kujipatia riziki, na miezi ile michache ya kikao mambo huenda kasi mno. Hapo ndipo arifa za TLO zinapofaa: unajisajili bure, unaweka namba za miswada unayoijali, na barua pepe inakufikia mswada unaposogea hatua. Unaweza pia kufuatilia kamati ili ujue mikutano yake.

Craddick aliondolewa kwenye uspika mwanzoni mwa 2009, baada ya Republican 11 kukutana na kumteua Joe Straus wa San Antonio, ambaye Democrat walimwunga mkono. Wengi waliokuwa wakubwa huondoka wanaposhushwa. Yeye alikaa, akarudi kwenye kiti cha mbunge wa wilaya ya 82, na kuanzia hapo ukurasa wake unajaa tena: miswada ya mafuta, ya maji, ya barabara, na ile ya simu niliyoieleza. Binti yake, Christi, alichaguliwa mwaka 2012 kuingia katika Railroad Commission, chombo ambacho licha ya jina lake ndicho kinachosimamia mafuta na gesi ya Texas, na msomaji makini atataka kuangalia miswada ya nishati ya baba akiwa na habari hiyo kichwani. TLO haitakuunganishia mambo hayo mawili.

Bunge la 90 litakaa Januari 2027, na miswada huanza kupokelewa Novemba inayotangulia. Anayetaka kuijaribu huduma hii asisubiri Januari: afungue akaunti mapema, amtafute mbunge wa wilaya yake kwa anwani ya nyumbani, asome miswada yake ya Bunge lililopita kwanza, na kama ni mkazi wa Texas, akumbuke kwamba Baraza la Wawakilishi linapokea maoni ya maandishi kwa njia ya mtandao kuhusu mswada uliopangwa kusikilizwa na kamati, hata kama hawezi kusafiri hadi Austin.